Riwaya Niliyomsimulia Shemeji

Kwa miaka tisa sasa nimesimamia kisima cha pampu cha mtaa mmoja upande wa nyuma wa Kitengela, pale majengo yanapopungua na nyua za senyenge zinapoanza. Nyumba ya pampu ni chumba kimoja cha mawe chenye dirisha la wavu. Ndani kuna swichi kubwa, meza, viti viwili na daftari refu. Katika daftari hilo, saa kumi na mbili asubuhi na tena saa nne kamili, naandika vitu vitatu: mita inasoma ngapi, pampu imefanya kazi kwa muda gani, na maji yako umbali gani kutoka juu ya ardhi. Hicho cha tatu ndicho muhimu. Bomba la nje hutoa maji kwa nguvu ileile, kisima kiwe kimejaa au kiwe kimebaki na mita mbili. Siku linapoanza kukohoa hewa, pampu huwa imeshaanza kuungua.

Niliacha shule kidato cha pili. Ninachojua zaidi ya hapo nilikipata kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa juu ya gunia karibu na stendi. Nasoma kwa mpango. Nikimaliza riwaya, naandika katika daftari la pili, dogo, watu waliomo, kazi zao, na jambo moja nililojifunza. Kina mama wanaopanga mitungi dirishani wamenizoea. "Profesa," mmoja huniita akigonga wavu na kifuniko cha mtungi, "funga kitabu ufungue maji. Sisi tutasoma tukifika."

Daftari dogo lilipata sehemu mpya baada ya mtu niliyefanya naye kazi ya ujenzi, aliyekuwa akiishi Gataka, kujiua. Kwenye mazishi nilisikia sentensi moja ikirudiwa na kila aliyeshika kipaza sauti: hakuonyesha dalili yoyote. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Kama hakuna dalili, basi anaweza kuwa yeyote, na anaweza kuwa kesho. Mimi ni mtu wa vipimo. Sikukubali kwamba kuna kina kisichopimika. Kamusi ilinipa neno sonona na maana yake katika mistari miwili. Daktari sikuwa naye. Riwaya nilikuwa nazo.

Basi nilirudia riwaya zote nilizokuwa nazo zenye mtu aliyezidiwa na huzuni. Zilikuwa kumi na moja. Niliandika mwandishi alituonyeshaje kwamba mtu huyu anaumwa. Karibu zote zilikubaliana. Mtu huyo hasemi na watu. Ndevu zinaachwa, au nywele hazisukwi. Chakula kinarudi jikoni kikiwa kizima. Anasimama dirishani na nje mvua inanyesha. Analia akiwa peke yake, nasi tunamwona. Jamii inamtaka aoe, au azae, au aende kanisani, au achukue kazi ya baba yake, naye anakataa waziwazi, na kukataa huko ndiko kunakomvunja. Nilipiga mstari chini ya orodha. Niliamini nimepata kifaa.

Mtu wa kwanza niliyempima nacho alikuwa shemeji yangu.

Dada yangu ameolewa upande wa Mashuuru, na mume wake ni Mmaasai mfugaji. Mwaka ule tulipokubaliana mambo ya ndoa alinipa kondoo jike, mkononi, na kwa desturi yao watu waliopeana mnyama huacha kuitana kwa majina. Huitana kwa mnyama huyo. Mimi humwita Paker, naye huniita Paker, maana yake ni huyo kondoo aliye kati yetu. Kondoo mwenyewe alikufa zamani na vitukuu wake wako kwake, lakini jina halifi.

Rika lake lilimchagua kuwa msemaji walipokuwa bado vijana. Kazi hiyo huiombi na huiachi. Ugomvi wa mpaka, mke aliyekimbia, kijana aliyeiba pikipiki, yote huletwa mbele yake. Hutembea na rungu jeusi lililong'arishwa kwa mafuta, ndilo alama ya kazi yake, na akilinyanyua watu hunyamaza. Kisha ukaja ule ukame ulioanguka juu ya ukame mwingine. Kati ya ng'ombe wake walibaki wachache ambao yeye mwenyewe hakupenda kuwataja. Alianza kufuga mbuzi, na kila Alhamisi alileta wawili watatu kwa wachinjaji wa Kitengela. Akishauza, alikuja kwangu kwenye nyumba ya pampu kunywa chai kabla ya kurudi.

Dada yangu alinipigia simu siku moja. "Huyu shemeji yako amebadilika," alisema.

"Amebadilika vipi? Analia?"

"Alie? Mwanamume wa huku alie!"

"Hali chakula?"

"Anakula. Anakula kila kitu, hata hasemi chumvi imezidi. Zamani angesema."

"Mikutano je? Ameacha?"

"Mikutano haachi. Juzi amesuluhisha watu wa shamba la kule chini, wakamsifu. Lakini akirudi anahesabu mbuzi mara mbili, mara tatu, halafu ananiuliza ni wangapi."

Niliifungua orodha yangu mezani, nikiwa bado na simu sikioni. Anaongea. Anakula. Amenyoa, shuka lake ni safi, rungu linang'aa. Hajakataa lolote aliloombwa na watu wake. Nikamwambia dada yangu, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba asiwe na wasiwasi, ni uchovu wa ukame. Naandika haya kama yalivyokuwa. Nilimwambia hivyo nikiwa na ushahidi wa vitabu kumi na moja.

Sasa nieleze kuhusu habari, kwa sababu kosa langu lipo hapo.

Kwa watu wa shemeji, salamu ni mlango tu. Unasema "Supa," unajibiwa "Ipa," kisha wageni hukaa na mmoja hutoa habari. Hutolewa kwa mpangilio. Huanza na salama: tumelala salama, watoto wako salama, mama yao yuko salama, mifugo iko salama, njia ilikuwa salama. Hata kama nyumba imeungua, utaanza na salama. Msikilizaji kazi yake ni kuitikia "Ee" kila mtoaji anapopumua. Na msikilizaji akiendelea kuitikia bila haraka, habari huendelea kushuka chini, taratibu, mpaka inafika kwenye neno "isipokuwa". Isipokuwa kuna ndama amevunjika mguu. Isipokuwa mzee fulani ametutoka. Kilichomleta mtu hukaa hapo mwisho. Msikilizaji akinyamaza au akiingilia kati, mtoaji hufunga kwa heshima, "Ni hizo tu," na kile cha mwisho hurudi naye nyumbani.

Haya yote niliyajua. Miaka yote hiyo niliyajua, na nilikuwa hodari wa kuitikia.

Alhamisi ile nilikuwa nimebakiza kurasa chache za riwaya iliyong'oka jalada, hata jina lake silijui. Ilimhusu mwalimu wa shule ya msingi aliyelemewa na mji mdogo uliotaka awe kama baba yake. Shemeji aliingia, akaegemeza rungu ukutani, tukasalimiana, akaketi. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nne.

"Tumelala," alianza.

"Ee."

"Watoto wako salama."

"Ee."

"Dada yako yuko salama. Anakusalimia."

"Ee."

"Mbuzi wako salama. Hakuna ugonjwa."

Saa ikafika nne kamili. Nikasimama. "Basi ni salama, Paker, Mungu asifiwe. Ngoja kidogo niandike mita."

Alinitazama. Nakumbuka mkono wake ulikuwa umeinuka kidogo kutoka gotini, kama mtu anayetaka kuonyesha kitu, kisha ukarudi gotini. "Ni hizo tu," akasema.

Niliandika mita. Niliandika kina cha maji hadi sentimita. Nilipoketi tena alikuwa ameshika ile riwaya, anaipima uzito. Kusoma anajua kidogo, lakini kwa muda mrefu alipenda nimsimulie. Alikuwa akicheka sana watu wa vitabu. "Hawa watu wako hawana kazi," alizoea kusema. "Mtu anakaa kurasa tatu anaangalia mwezi. Ng'ombe wamelala wapi?"

Siku hiyo hakucheka. "Huyu mwalimu ameishia wapi?"

Nikamsimulia. Nilikuwa bado na joto la kile kitabu, na nilisimulia vizuri, nadhani vizuri kuliko siku zote. Nilimwambia jinsi mwalimu alivyofika hatua ya kuona hakuna njia, akatoka nyumbani asubuhi na hakurudi akiwa hai. Nikamwambia kuhusu mazishi: mji mzima ulikuja, wale waliomsema walilia, mwalimu mkuu alisimama akaomba msamaha mbele ya kaburi, na mke alikuta barua ambayo ilieleza kila kitu.

"Wakaelewa?" shemeji akauliza.

"Wakaelewa."

"Wote?"

"Wote. Ndiyo mwisho wa kitabu."

"Yeye mwenyewe hakuwaambia."

"Hakuwaambia. Walielewa baadaye."

Alitikisa kichwa polepole, kama anavyofanya mkutanoni shauri likiwa limeeleweka. Akamaliza chai. Alipotoka aliliacha rungu pale ukutani. Nilimwita, "Paker, umesahau!" Akajibu bila kugeuka sana, "Likae. Nimechoka kulibeba." Nikaliweka nyuma ya mlango ili lisiangushwe, nikarudi kwenye daftari dogo. Niliandika jambo moja nililojifunza. Nakumbuka nililoandika na sitalirudia hapa, kwa sababu lilikuwa sentensi nzuri.

Kesho yake asubuhi niliwasha pampu, nikafunga mlango nyuma yangu, na rungu likaangukia mguu wangu.

Nilisimama nalo mkononi. Sijui kueleza hofu ile isipokuwa kwa kusema kilichotokea mwilini: masikio yakawa kama yamezibwa, nikawa siisikii pampu ilhali inanguruma mita moja kutoka kwangu. Msemaji hasahau rungu. Msemaji hachoki kulibeba. Nikauona tena ule mkono ukirudi gotini. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema wakaelewa, wote, ndiyo mwisho.

Nilipiga simu yake. Mteja hapatikani. Nikapiga tena nikitembea, kana kwamba kutembea kungesaidia. Nikampigia dada yangu.

"Ametoka na mbuzi," alisema. "Mapema sana. Leo amesema watoto wabaki, ataenda peke yake."

"Ameelekea wapi?"

"Upande wa lile dimbwi. Kwani kuna nini?"

"Mfuate. Tuma mtu. Mwambie nakuja, nimesahau kumwambia kitu."

"Kitu gani?"

"Mfuate tu, dada yangu. Tafadhali."

Nilizima pampu. Wanawake kama kumi na watano walikuwa kwenye foleni. "Profesa! Saa hii?" Nikapita kati yao na rungu la Kimaasai mkononi. Nikamsikia mmoja akisema nyuma yangu, "Leo kitabu kimempanda kichwani," na wengine wakacheka. Katika daftari la maji mstari wa Ijumaa ile ni mtupu hadi leo. Ndio mtupu pekee katika miaka tisa.

Dereva wa lori la maji alinifikisha Isinya, na mwenye pikipiki akanichukua kutoka hapo. Njiani nilifanya jambo ambalo nalionea aibu. Nilikuwa nafikiria kama ilivyoandikwa. Nilimwona dada yangu amesimama mlangoni, niliuona umati, niliwaona wazee wa rika lake wakivua kofia, na kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri, kila mtu akisema maneno yake kwa zamu. Kichwa changu hakikuwa na picha nyingine. Kilikuwa kimejaa miisho ya watu wengine.

Dada yangu alikuwa amemtuma mtoto wa jirani, lakini mtoto alikuwa hajarudi. Nilikwenda mwenyewe kwa miguu, kupitia korongo kavu, na kwanza niliona mbuzi. Walikuwa wametawanyika kwenye ukingo wa dimbwi la kunyweshea mifugo, lisilo na maji, wanakula maganda ya mgunga. Niliwahesabu bila kujua kwa nini. Thelathini na mmoja. Mtu hakuwepo. Nilisimama. Niliita jina lile moja, nikaita tena. Mbuzi waliinua vichwa, wakaniangalia, wakaendelea kula.

Alikuwa nyuma ya ukuta wa udongo wa dimbwi, amekaa chini, mgongo umeelekea kwangu. Mtoto wa jirani alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwake, kimya, akichora chini na kijiti, kwa sababu aliambiwa amfuate na hakuambiwa afanye nini baada ya hapo. Nilimwambia arudi akamwambie dada yangu tuko salama. Nililitumia neno hilo hilo.

Kisha nikazunguka mbele yake, nikaketi, nikaweka rungu kati yetu.

"Supa, Paker."

"Ipa," akajibu.

"Jana nilikukata habari. Nimekuja kuisikiliza."

"Habari ya jana imeoza," akasema. "Nipe ya kitabu."

"Sina ya kitabu. Anza mwanzo."

Nilidhani hatakubali. Lakini desturi ina nguvu yake. Mtu amesalimiwa, ameombwa habari, msikilizaji amekaa. Akaanza.

"Tumelala."

"Ee."

"Watoto wako salama."

"Ee."

"Dada yako yuko salama."

"Ee."

"Mbuzi. Wako salama. Ni wangapi sijui."

"Ee."

"Majirani wako salama. Mvua hakuna, lakini hakuna mtu amekufa na njaa."

"Ee."

Alisimama hapo. Nilijua ni pale pale pa jana. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema jambo: nimpe moyo, nimwambie Mungu yupo, nimkumbushe watoto. Nikaitikia tena, bila yeye kusema kitu. "Ee."

"Isipokuwa mimi," akasema.

"Ee."

Ikatoka vipande vipande, na sehemu kubwa aliisema kwa Kimaa ambacho nakifahamu nusu tu. Kwamba anaamka saa tisa usiku na hawezi kulala tena, kwa miezi. Kwamba mikutanoni anasema yale yanayopaswa kusemwa, na watu wanafurahi, naye anasikia sauti hiyo kama ya mtu aliye ng'ambo ya korongo. Kwamba kadiri anavyosifiwa ndivyo anavyozidi kujua kwamba hawezi kumwambia mtu. "Nani atapeleka shauri la msemaji?" aliuliza. "Linapelekwa kwa nani?" Hakuwa amekataa kitu chochote alichotakiwa na watu wake. Alikuwa anakitekeleza chote. Nilifikiria ile orodha yangu na mstari mnyoofu chini yake.

"Yule mwalimu," akasema mwishowe. "Nilimwonea wivu."

Nilimuuliza wazi, kwa sababu sikuweza kuvumilia kutojua. "Paker, umekuwa ukifikiria kujiua?"

"Ee," akasema.

Ndivyo alivyosema tu, na nilibaki nimekaa mbele yake.

Yeye ndiye aliyeendelea. "Wale watoto wa shule yake. Jumatatu walifundishwa na nani?"

"Kitabu hakisemi."

"Yule mke aliyepata barua. Alikula nini mwezi uliofuata?"

"Hakisemi, Paker."

"Na wale walioelewa. Mwaka uliofuata bado walikuwa wanaelewa?"

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia kwamba niliwahi kwenda mazishi ya namna hiyo, ya mtu halisi, na hakuna aliyeelewa chochote. Kila mtu alisema hakuonyesha dalili. Wakala, wakakunja viti. Hakukuwa na barua. Mimi mwenyewe bado sielewi. Nilimwambia yule mwandishi alihitaji kumaliza kitabu, na nilimsimulia kama vile ni jambo lililotokea.

"Basi hakijaisha," alisema. "Wamekata tu."

Tulirudisha mbuzi pamoja, mapema, jua likiwa bado juu, jambo ambalo watu wa jirani waliliona na kulisema. Dada yangu aliambiwa jioni ile, na shemeji mwenyewe ndiye aliyemwambia, nikiwa nimekaa hapo. Dada hakupiga kelele. Alisema, "Nilijua ni kitu. Sikujua ni hiki," na usiku wote hakuna aliyeachwa peke yake.

Jumatatu tulikwenda hospitali Kajiado, mjini. Shemeji alivaa suruali ya mwanawe na kofia ya kuficha masikio, ili asitambulike. Tulikaa kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili, na hatukukaa dakika kumi kabla ya mzee wa rika lake kupita na mke aliyekuja kupima sukari. Akasimama.

"Msemaji! Na suruali! Unafanya nini huku kwa vichaa?"

Nilihisi shemeji akiganda ubavuni pangu. Kadi ya kliniki ilikuwa mkononi mwangu, kwa hiyo ilikuwa rahisi. "Ni mimi," nikasema. "Amenisindikiza."

Mzee alinichunguza kutoka viatu hadi kichwa. "Huyu Mkikuyu wako ni mgonjwa?"

"Ako na mawazo mingi," shemeji akajibu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi niliona kona ya mdomo wake ikisogea. "Anasoma sana."

"Nilisema! Vitabu! Mpe supu ya mizizi, umfungie hivyo vitabu kwa sanduku." Akaenda zake akitikisa kichwa.

Habari hiyo ilifika Kitengela kabla yangu. Kwenye dirisha la wavu kulikuwa na adabu mpya. Hakuna aliyegonga kwa kifuniko. Waliniambia "pole" kwa sauti ya chini, na mwanamke mmoja alivuta mtoto wake nyuma nilipotoka nje kufungua koki. Niliwaacha hivyo. Mwanzoni niliona ni mzigo mdogo niliombebea shemeji. Baada ya wiki mbili nilijikuta nimeanza kucheka kwa sauti zaidi, kunyoa kila siku, kujibu "safi kabisa" kabla sijaulizwa. Hakuna aliyenilazimisha. Hapo nilitishika upya, maana niliona jinsi kazi hii ya kuficha inavyofanyika, na kwamba mtu mzima wa akili zake huifanya haraka sana.

Daktari kijana aliyempokea shemeji alikuwa na karatasi ya maswali. Niliruhusiwa kukaa. Unaamka saa ngapi? Kitu ulichokuwa unakipenda bado unakipenda? Unasahau? Unahisi wewe ni mzigo? Umegawa vitu vyako? Aliuliza kama mtu anayesoma mita. Hakuuliza kuhusu mvua wala dirisha. Alimpa dawa, akampangia kurudi kila wiki mbili, akaniambia mimi, na dada yangu kwa simu, cha kuangalia na nani wa kupigiwa simu wakati wowote. Nilirudi nyumbani na nikaandika maswali yake katika daftari dogo, karibu na orodha yangu ya zamani. Sikuichana ile ya zamani. Nataka niione.

Bado nasoma riwaya. Sidhani waandishi wanadanganya kwa makusudi. Mwandishi anayo njia ambayo mimi sina: anaweza kuandika "alijisikia" na tukajua. Akishatuingiza ndani ya mtu, anasahau kwamba waliomzunguka mtu huyo wana salamu yake tu. Kwa hiyo anamchorea dalili kubwa ili nasi tujione wenye macho. Siku hizi nikifika mwisho ambapo mtu anakufa na mji unaelewa, naandika pembeni maswali ya shemeji: nani alifundisha Jumatatu, mke alikula nini. Kurasa nyingi hazijibu.

Rungu lipo nyuma ya mlango wa nyumba ya pampu. Nilimrudishia mara mbili. Mara ya pili alisema, "Likae kwanza. Rika limepewa msaidizi wangu ashike mashauri mpaka miguu yangu ipone." Miguu ndiyo sababu waliyopewa. Anakuja Alhamisi kama zamani, na daftari la maji sasa lina saa za ajabu siku hiyo: nne na dakika ishirini, nne na arobaini, siku moja saa tano na robo. Msimamizi wa mtaa ameniuliza kuhusu hilo. Nilimwambia ni mgeni.

Akichelewa hata nusu saa, siwezi kusoma. Nasimama njiani naangalia upande wa Isinya. Ameongezeka uzito kidogo, analala hadi saa kumi na moja, mbuzi anawajua idadi. Lakini daktari alisema inaweza kurudi, na aliisema bila kupunguza sauti, na mimi nimemwamini kuliko nilivyowahi kuamini kitabu.

Alhamisi iliyopita aliingia, akaketi, akapokea chai.

"Tumelala," alisema.

"Ee."

"Watoto wako salama. Dada yako yuko salama, anasema ulete sukari."

"Ee."

"Mbuzi wako salama. Wawili wamezaa."

"Ee."

"Njia ilikuwa salama. Ni hizo tu."

Saa ilikuwa nne na dakika tatu. Dirishani kifuniko cha mtungi kiligonga wavu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Sikusimama. Sikujua kama kweli ni hizo tu, na uso wake haukuniambia. Nikaitikia tena, "Ee," nikangoja.